Maji kiasi gani, baada ya siku ngapi: kumwagilia mboga kutoka Rongai hadi Kano

Nilizaliwa uwanda wa Kano, upande wa Ahero, kaunti ya Kisumu, na siku hizi nalima mboga Rongai, kaunti ya Nakuru. Januari moja mama aliugua, nikashuka nyumbani kumshikia bustani kwa wiki tatu. Nikafanya kama nilivyozoea Rongai: kila jioni, mitungi mitatu ya lita 20 kwa kila tuta la sukuma wiki. Wiki ya pili majani ya chini yakaanza kuwa manjano. Nikadhani maji hayatoshi, nikaongeza mtungi wa nne. Mama alipopata nguvu ya kutembea hadi bustanini aling'oa shina moja akanionyesha mizizi. Ilikuwa ya kahawia, laini, inanuka kinamasi. "Umezizamisha, mwanangu," akasema. "Udongo huu haunywi kila siku."

Kule Rongai mitungi hiyohiyo mitatu ilikuwa ikinipa sukuma ya kuchuma kila wiki. Mboga ni ileile na maji ni yaleyale, ila Rongai navuna na Kano naua. Tangu hapo nimejifunza kutenganisha maswali mawili ambayo wakulima wengi tunayafanya kuwa moja. Maji kiasi gani? Hilo hujibiwa na jua, upepo na umri wa mboga. Baada ya siku ngapi? Hilo hujibiwa na udongo na kina cha mizizi. Mwongozo huu unafuata mpangilio huo, na karibu hesabu zote unaweza kuzifanya kwa mtungi, mkebe na kalamu.

1. Anza na koleo

Chimba shimo la sentimita 40 kwenye tuta, karibu na mizizi ilipo. Chukua konzi ya udongo, uulowanishe kidogo, kisha uufinye kati ya kidole gumba na cha shahada mpaka utoke utepe. Usipotoka utepe kabisa, una mchanga. Utepe ukikatika kabla ya sentimita mbili au tatu, una tifutifu. Ukifika sentimita tano na zaidi, una mfinyanzi, na hapo ndipo ulipo udongo mweusi wa Kano, ule unaopasuka nyufa wakati wa kiangazi na kung'ang'ania viatu wakati wa mvua. Udongo mwekundu wa Kakamega na Vihiga unaweza kukudanganya: kwa utepe ni mfinyanzi, lakini umeshikana kwa vijipunje na hupitisha maji vizuri kuliko ule mweusi. Udongo wetu wa Rongai una majivu ya volkeno ndani yake, mwepesi, na maji huushuka haraka.

Sasa tuseme lugha moja ya vipimo. Maji ya shambani hupimwa kwa milimita, kama mvua. Milimita moja ya maji juu ya mita moja ya mraba ni lita moja. Tuta la upana wa mita 1 na urefu wa mita 10 likipata milimita 5, limepata lita 50, yaani mitungi miwili na nusu.

Katika kila mita moja ya kina, mchanga hushika takriban milimita 60 za maji ambayo mmea unaweza kuyavuta. Tifutifu hushika kama 140, mfinyanzi kama 200. Lakini mizizi ya mboga nyingi haifiki mita moja. Ikiwa imeshuka sentimita 30 tu, akiba yake ni milimita 18 katika mchanga, 42 katika tifutifu na 60 katika mfinyanzi. Na huwezi kungoja akiba yote iishe. Mmea huanza kupunguza ukuaji muda mrefu kabla ya kunyauka: hufunga vitundu vya majani, huacha kutengeneza chakula, na wewe unauona bado umesimama. Kwa mboga nyingi, mwagilia ikiwa imetumika kama asilimia 40 hivi ya ile akiba. Kwa vitunguu na pilipili hoho usivuke asilimia 30, kwa spinachi 20.

Chukulia kwamba mboga iliyokomaa inakunywa milimita 5 kwa siku. Kwenye mchanga asilimia 40 ya 18 ni milimita 7, kwa hiyo siku moja, mbili zikizidi. Kwenye tifutifu ni milimita 17, yaani siku tatu. Kwenye mfinyanzi ni 24, karibu siku tano. Hapo ndipo nilipokosea kwa mama. Udongo wake ulihitaji mapumziko ya siku tano ili hewa irudi kwenye mizizi, mimi nikaufunika kwa maji kila jioni. Na nilipofanya hesabu ya Rongai nikakuta hata huko nilikuwa navuka mpaka. Udongo wangu uko kati ya mchanga na tifutifu, na ungevumilia kila baada ya siku mbili bila mboga kuhisi chochote. Nilikuwa nafanya kazi ya ziada na kuosha mbolea.

Mizizi ikishuka zaidi, siku zinaongezeka. Nyanya iliyofikisha mizizi sentimita 60 kwenye tifutifu ina milimita 84 za akiba, na asilimia 40 yake ni kama 34. Hizo ni siku sita au saba. Lakini mizizi haiendi chini yenyewe. Ukiilisha juu kila siku, itakaa juu, na jua la siku mbili likiupata uso wa udongo, nyanya zako zitalia.

2. Jua mboga inakunywa kiasi gani

Katika kiangazi chetu, kuanzia Desemba hadi Machi mvua za masika zinapoanza, shamba lililofunikwa na majani mabichi hupoteza kati ya milimita 4 na 6 kwa siku. Siku ya mawingu hupungua hadi 3. Kisumu iko takriban mita 1,130 juu ya usawa wa bahari na joto lake ni kali. Nakuru iko juu ya mita 1,800 na ni baridi zaidi, lakini upepo wa mchana wa Bonde la Ufa hukausha kwa kasi, kwa hiyo usidhani baridi ya asubuhi inakuokoa.

Umri wa mboga hubadilisha hesabu hiyo. Miche iliyopandikizwa juzi, yenye udongo mtupu kati ya mistari, hutumia kama asilimia 60 hadi 70 ya kipimo hicho. Ikishafunika tuta, inafika asilimia 100 na kupita kidogo, na nyanya yenye matunda hufika 115. Kwa hiyo siku ya milimita 5, miche inataka 3 hadi 3.5 na nyanya iliyobeba inataka karibu 6.

Kisha ongeza yanayopotea njiani. Ukimwagilia kwa mifereji, kama asilimia 60 tu ya maji hufika kwenye mizizi. Kwa mashine za kurusha maji hewani ni kama 75, kwa dripu, yaani mipira yenye matundu yanayodondosha maji, 90. Ndiyo kusema ili mboga ipate milimita 5 kwa mfereji unavuta karibu 8.3, na kwa dripu 5.6. Mkulima anayelipia petroli ya pampu aisome sentensi hiyo mara mbili.

Tuipeleke shambani. Moja ya nane ya ekari ni kama mita za mraba 500. Kwa milimita 5 ni lita 2,500 kila siku, kabla ya hasara. Tangi la lita 10,000 kwa dripu linakaa siku tatu na nusu hivi. Watu wengi hununua tangi, wakapanda robo ekari nzima, halafu wakagawanya maji ya nusu yake.

Hapa nina msimamo. Maji yakiwa machache, punguza eneo kabla ya kupunguza dozi. Shirika la Chakula na Kilimo la Umoja wa Mataifa, FAO, lilichapisha mwaka 1979 vipimo vya jinsi mazao yanavyoitikia ukosefu wa maji, na bado vinatumika. Nyanya ina kipimo cha 1.05, kabichi 0.95, vitunguu na pilipili hoho 1.1. Maana yake ni kwamba mboga ikikosa asilimia 20 ya maji inayohitaji msimu mzima, nyanya itapoteza kama asilimia 21 ya mavuno, kabichi 19, vitunguu 22. Mtu anaweza kusema kwa kilo ni karibu sawa kulima pana kwa kiu au kulima padogo kwa kushiba. Kwa kilo, ndiyo. Lakini shamba pana limekula mbegu zaidi, mbolea zaidi, palizi zaidi, na mboga ya kiu haiuziki kwa bei ileile. Mama mboga wa soko la Kibuye, Kisumu, anaikunja sukuma mkononi kabla ya kununua, na jani gumu anakurudishia.

3. Pima kifaa chako, usikisie

Kwa mitungi ni rahisi, mtungi ni lita 20. Kwa pampu, jaza pipa la lita 200 na uhesabu dakika. Ikijaza kwa dakika 4, inatoa lita 50 kwa dakika, na tuta lako la lita 50 linahitaji dakika moja tu, pamoja na ziada ya mfereji. Nimeona pampu ikiachwa kwenye tuta moja mtu akinywa chai.

Kwa mashine za kurusha, panga mikebe sita au minane ya saizi moja kwenye shamba, washa kwa nusu saa, kisha pima kina cha maji katika kila mkebe kwa rula. Wastani mara mbili ni milimita kwa saa. Mkebe wa pembeni ukiwa na nusu ya ule wa katikati, mashine zako ziko mbali mno, na mboga za pembeni zinaishi msimu mwingine.

Kwa dripu, weka kikombe chini ya tundu kwa dakika 6, pima, zidisha kwa 10. Fanya hivyo kwa tundu la mwanzo wa mpira, la katikati na la mwisho. Mipira mingi ina matundu kila baada ya sentimita 30. Tuta la mita 10 lenye mipira miwili lina matundu kama 66, na kila moja likitoa lita 1 kwa saa, lita 50 zinachukua dakika 45. Tangi likiwa limeinuliwa mita moja tu, presha ni ndogo na tundu linaweza kutoa chini ya ilivyoandikwa kwenye boksi, ndiyo sababu ya kikombe. Osha chujio kila wiki. Maji ya mto Nyando yana tope hata siku isiyo na mvua, na maji ya tangi yakipigwa na jua huota mwani wa kijani unaoziba matundu.

Jambo moja la sheria nililisema hata kwa ndugu zangu: kuvuta maji ya mto kwa pampu kunahitaji kibali cha Mamlaka ya Rasilimali za Maji. Na kiangazi mto ukiwa umebaki kamba, walio chini yako wana mifugo na watoto.

4. Ugawe msimu

Kwenye kitalu cha miche, maji kidogo mara mbili kwa siku, kwa mkebe wenye matundu madogo, asubuhi na alasiri. Wiki moja kabla ya kupandikiza, punguza ili miche ikaze shina. Siku ya kupandikiza, lowanisha tuta kabla na ushindilie maji baada. Kwa siku saba hadi kumi mizizi ni mifupi, kwa hiyo maji kidogo kila siku au kila baada ya siku moja, hata kwenye mfinyanzi.

Baada ya hapo, vuta muda polepole. Kama ulikuwa kila siku, nenda siku mbili, kisha tatu, huku ukiongeza kiasi kwa kila mara ili maji yashuke chini zaidi. Mizizi hufuata unyevu. Hiki ndicho kipindi pekee ambacho kiu kidogo ni mafunzo. Maua yakianza, mafunzo yamekwisha.

Nyanya ndizo zinazoadhibu kutokuwa na mpangilio kuliko mboga yoyote ninayoijua. Zikikosa maji wakati wa maua, maua huanguka. Zikikauka kisha zikashibishwa ghafla wakati matunda yanakua, kitako cha tunda huwa cheusi na kuoza. Wengi hukimbilia kununua kalsiamu ya kupulizia, wakati mara nyingi udongo una kalsiamu ya kutosha na kilichokosekana ni maji ya kuibeba hadi mwisho wa tunda. Na matunda yanayokaribia kuiva yakipata maji mengi baada ya ukame, ngozi hupasuka. Kwa hiyo kuanzia ua la kwanza, shika muda uleule na kiasi kilekile, hata kama unasafiri, hata kama ni harusi. Matunda mengi yakishaanza kubadilika rangi unaweza kupunguza kidogo. Utapata tunda gumu na tamu zaidi, uzito ukipungua kiasi.

Vitunguu vina mizizi mifupi, mingi ikiwa ndani ya sentimita 30 za juu. Kwao usinisikilize habari za kushusha maji chini. Wape kidogo, mara nyingi: kwenye tifutifu siku mbili hadi tatu. Kipindi cha hatari ni pale kichwa kinapoanza kuvimba. Kiu wakati huo hukupa vichwa vidogo na vingine vinavyogawanyika viwili. Kisha shingo zikilegea na majani kuanza kulala, funga maji kabisa, wiki mbili hivi kabla ya kung'oa. Kitunguu kilichonyweshwa hadi siku ya mwisho huwa na shingo nene isiyokauka, na huozea ghalani. Ukiuza siku hiyohiyo hutaona hasara, atakayeiona ni mteja wako.

Kabichi inataka maji ya kutosha na ya kulingana wakati inafunga kichwa. Kichwa kikishakuwa kigumu, punguza, maana mizizi ikisukuma maji mengi ndani ya kichwa kilichobana, kinapasuka kama mkate. Kule Bahati na Subukia, Nakuru, nimeona mashamba mazima yamepasuka baada ya mvua moja kubwa kufuata kiangazi. Ukiliona wingu la namna hiyo na kichwa kimekomaa, kata uuze.

Sukuma, managu, saga na terere ni majani, na jani ni maji. Hizi hazina kipindi cha hatari kimoja, kila wiki ni ya mavuno. Sukuma yenye kiu hutoa majani madogo, mazito na machungu, na vidukari huikalia. Saga ikibanwa na kiu hukimbilia kutoa maua, na ikishachanua umepoteza michumo kadhaa. Mwagilia siku moja kabla ya kuchuma, si saa moja kabla, mboga zifike sokoni zimejaa.

5. Muulize udongo kabla ya kufungua maji

Hesabu hukupa siku ya kwenda kuangalia, si amri ya kumwaga. Siku hiyo, toa udongo wa kina cha sentimita 15 na mwingine wa 30. Ufinye ngumini. Tifutifu yenye unyevu wa kutosha hufanya donge linaloshikana na kuacha unyevu kiganjani. Donge likivunjika ukiligusa kidogo, muda umefika. Likishindwa kabisa kufanyika, umechelewa. Mfinyanzi ukiwa mkavu kiasi cha kufaa hufanya donge gumu, na ukiutandaza kwa kidole unakatika badala ya kung'aa. Mchanga hata ukiwa na maji donge lake ni dhaifu, kwa hiyo kwake tegemea hesabu zaidi.

Usiyaamini sana majani ya saa nane mchana. Kabichi na sukuma hulegea kwa joto hata zikiwa na maji tele chini. Rudi saa kumi na mbili asubuhi. Zikiwa bado zimelegea, hapo kuna tatizo, na bado hujajua ni lipi, kwa maana mmea uliozama na mmea wenye kiu hulegea kwa namna inayofanana. Chimba kabla ya kuamua. Kwa nyanya iliyonyauka ghafla ikiwa bado ya kijani, kata shina uliweke kwenye glasi ya maji safi. Ikitoka ute mweupe kama maziwa, ni mnyauko wa bakteria. Hapo maji hayatibu, na mfereji unaopita kwenye shina hilo unaupeleka ugonjwa kwa majirani zake. Ng'oa, toa shambani.

Kila baada ya kumwagilia mara ya kwanza kwa mpango mpya, subiri hadi kesho na uchimbe tena. Maji yameshuka hadi wapi? Yakiishia sentimita 10, ulimwaga kidogo. Yakipita mbali chini ya mizizi, umeosha nitrojeni ya mbolea ya CAN uliyonunua kwa pesa. Ule umanjano wa majani ya chini niliouona kwa mama husababishwa na hayo yote mawili: mizizi isiyopumua na nitrojeni inayopotea.

6. Mfinyanzi mweusi una taratibu zake

Udongo huu hunywa polepole sana ukishalowa, milimita 1 hadi 5 kwa saa. Ukiumwagia milimita 25 kwa mkupuo, nyingi zitatiririka au kusimama juu. Pitisha nusu asubuhi, nusu nyingine saa chache baadaye. Usingoje nyufa pana zifunguke, kwa kuwa hukata mizizi, na maji ya kwanza hupotelea ndani yake hadi chini. Inua matuta sentimita 20 au 30 na uache mtaro wa kutoa maji kati yake. Mama sasa ana matuta yaliyoinuliwa, anamwagilia kila siku ya tano mboga zikikomaa, na analala mchana.

7. Mvua, matandazo na saa

Weka shambani mkebe wa kupimia mvua, wenye pande zilizonyooka, mahali pasipo na mti. Mvua chini ya milimita 5 katika kiangazi hulowesha vumbi tu, usiikate kwenye hesabu. Mvua ya jioni ya Kisumu inaweza kumwaga milimita 30 kwa muda mfupi, lakini kwenye mfinyanzi sehemu kubwa imekwenda mtaroni. Hesabu nusu, kisha chimba uthibitishe.

Matandazo ni maji ambayo hukuyavuta. Ahero kuna mabua ya mpunga, Muhoroni na Chemelil makapi ya miwa, Njoro na Molo mabua ya ngano na shayiri. Tandaza sentimita 5 hadi 8, usiguse shina. Hupunguza sana upotevu kutoka kwenye udongo mtupu, hasa mboga zikiwa changa, na mara nyingi huongeza siku moja kati ya zamu na zamu. Kwenye mfinyanzi wakati wa mvua ndefu yapunguze, udongo upumue.

Mwagilia alfajiri hadi saa tatu. Nakuru upepo huamka kuelekea mchana na kubeba maji ya kurushwa. Jioni inafaa kwa dripu na mfereji. Ila kulowesha majani ya nyanya au viazi jioni, yakalala na maji usiku kucha katika baridi ya Molo au Bahati, ni kuualika ule ukungu tunaouita blaiti.

8. Jaribu kwa matuta matatu

Vipimo nilivyotoa ni vya kuanzia. Shamba lako litavisahihisha ukiliruhusu. Chagua matuta matatu yanayofanana, mboga moja, siku moja ya kupanda, mbolea sawa. La kwanza lipe kiasi na muda wa hesabu yako. La pili lipe jumla ileile ya maji kwa wiki lakini kwa zamu chache, siku mbili zaidi kati yake. La tatu lipe muda wa la kwanza lakini robo pungufu ya maji. Usitumie matuta ya pembeni, hukauka haraka kuliko mengine.

Kila uchumapo, pima kwa mizani na uandike kilo za kila tuta mbali, na pembeni uandike idadi ya zilizoharibika: nyanya zenye kitako cheusi, kabichi zilizopasuka, majani uliyorudishiwa. Andika pia mitungi. Mwisho wa msimu gawanya kilo zilizouzika kwa mitungi uliyotumia, halafu zitazame namba mbili pamoja, kilo kwa tuta na kilo kwa mtungi. Mwenye mto karibu atafuata ya kwanza, mwenye kununua maji ya bauza atafuata ya pili. Tuta la pili likilingana na la kwanza, msimu ujao ongeza siku moja tena kwenye shamba zima, ukibakiza tuta moja la muda wa zamani la kulinganishia. Likipungua, rudi ulipokuwa, na uchimbe uone mizizi iliishia wapi.